Mstafeli unachanua sana, matunda yanapinda na kuwa meusi, na majani watu wanayamaliza

MamaPongwe
Habari za jioni ndugu zangu. Nipo Pongwe, Tanga. Shida yangu ni mti mmoja tu, lakini ndio mti ninaoupenda kuliko yote iliyopo kiwanjani.

Ni mstafeli. Marehemu mume wangu aliupanda kwa mbegu mwaka 2017, mbegu za stafeli tulilonunua Muheza. Aliziloweka usiku mmoja kwenye kikombe, akazifukia kwenye mifuko mitano ya maziwa akaiweka chini ya mwembe. Karibu mwezi mzima hatukuona kitu, nikamwambia zimeoza, azimwage. Akakataa. Zikaota tatu, na huu ndio uliobaki. Mwaka wa nne ulizaa matunda mawili. Moja tulilipeleka kwenye mzani wa duka la jirani likaja kilo 2 na nusu. Alikula vipande viwili, akanawa, akasema hili jingine tumpelekee mama.

Sasa mti una kimo cha kama mita tano. Maua ni mengi, yanatoka mpaka kwenye shina. Asilimia kubwa yanadondoka baada ya siku mbili tatu. Yale yanayoshika yanakua yamepinda kama figo, upande mmoja umenenepa na miiba yake, upande mwingine umekunjamana. Mengine yakifika ukubwa wa yai yanageuka meusi, yanakauka yakiwa yameng'ang'ania tawi. Kwenye vikonyo kuna vitu vyeupe kama unga na sisimizi wanapanda na kushuka kutwa. Udongo wetu ni mwekundu wenye kichanga, maji ya kuogea yanaishia kwenye shina lake.

La pili ni zito zaidi kwangu. Tangu ule ujumbe wa sauti uzunguke kwenye simu kwamba majani ya mstafeli yanatibu kansa, watu wanakuja asubuhi na jioni. Matawi ya chini yamebaki fimbo tupu. Mgonjwa nitamnyimaje jani? Mwezi uliopita alikuja kijana, mama yake ana kansa ya titi, ameacha hospitali anakunywa majani tu. Nilimchumia mfuko mzima. Usiku ule sikupata usingizi. Naombeni mnisaidie kwa yote mawili, mti na hili la majani.

mkulima_mkuranga
Pole na hongera mama, mti uliokufikisha huko si wa kuuacha. Nina mistafeli 30 huku Mkuranga, na hilo la kupinda lilinisumbua misimu miwili kabla sijalielewa.

Tunda la stafeli ni vitunda vingi vidogo vilivyoungana. Kila sehemu yenye mwiba wake inahitaji kupata chavua, yaani ule unga wa kiume wa ua. Ile iliyokosa haikui, ndiyo maana upande mmoja unanenepa na mwingine unabaki. Ua la stafeli lina tabia ya ajabu: sehemu ya kike inakuwa tayari kwanza, wakati petali zimefunguka kidogo tu, halafu baadaye ndipo chavua inamwagika. Kwa hiyo ua lenyewe linajikosa. Wanaohamisha chavua ni mbawakawa wadogo sana, na nyuki hawasaidii kitu hapo kwa sababu mwanya ni mwembamba. Kama mti uko peke yake na wadudu hao ni wachache, maua yanadondoka bure.

Fanya hivi. Amka mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi. Tafuta ua lililofunguka kabisa, petali zake za nje zimelegea. Weka kikombe kikavu chini yake, likung'ute, utaona vijiti vidogo vya rangi ya maziwa na unga wake vinadondoka. Kisha nenda kwenye ua lililofunguka nusu, lisukume petali taratibu kwa kidole, na kwa brashi laini ya kupakia rangi ya watoto wa shule pitisha ule unga kwenye kile kichwa cha katikati kinachonata. Zungusha pande zote, usiguse upande mmoja. Kabla ya saa tatu uwe umemaliza, jua likikolea kichwa kinakauka. Mimi huchagua maua ya kwenye shina na matawi manene, kwa sababu tunda la kilo mbili tatu kwenye tawi jembamba litalivunja.

Na usikate tamaa ukiona kimebaki kitu kidogo kama kifungo. Kitunda cha stafeli kinaweza kukaa wiki nyingi kama kimelala, ndipo kianze kunenepa. Mimi niling'oa vingi nikidhani vimekufa, najuta mpaka leo.

Kuhusu majani sina elimu ya dawa, ila kama mkulima nakwambia: mti hupika chakula chake kwenye majani. Ukivuliwa majani huku umebeba matunda, utayaangusha. Sehemu ya tatizo lako ni hiyo.

BabuMakunduchi
Assalaam aleikum mwanangu. Huo unga mweupe ni wadudu waitwao vidung'ata. Wanafyonza utomvu, wananya maji matamu, na sisimizi wanayafuata hayo. Sisimizi ndio wachungaji wao, huwahamisha kutoka tawi hadi tawi na kuwafukuza wadudu wanaowala. Ukiwaua vidung'ata ukawaacha sisimizi, wiki mbili wamerudi.

Chukua kitambaa, kifunge shinani kama mkanda, ukipake grisi juu yake. Usipake grisi kwenye gome lenyewe. Kata matawi yote yanayogusa ukuta au mti mwingine, maana hapo ndipo watapitia. Vidung'ata wasugue kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni ya kipande, jioni, jua limeshatua.

Yale meusi yaliyokauka usiyaache mtini hata moja, wala usiyatupe chini. Huo ni ugonjwa wa chule, na unakaa humo unangoja mvua. Kusanya, choma moto. Pogoa katikati upepo upite. Na hayo maji ya kuogea, mwanangu, yaondoe. Mstafeli unapenda unyevu lakini mizizi yake iko juu juu, ikikaa kwenye maji inaoza. Weka samadi iliyooza na matandazo ya majani makavu, yasiguse shina.

nesi_mstaafu
Dada yangu, nimeguswa na usiku wako wa kukosa usingizi. Nilifanya kazi wodini miaka mingi na wagonjwa wa namna hiyo nimewapokea mikononi, wakija wakiwa wamechelewa.

Nitakueleza kadiri nijuavyo. Ni kweli kwamba maabara zimeona kemikali za mstafeli zikiua chembe za kansa kwenye vyombo. Lakini kwenye chombo cha maabara vitu vingi sana huua chembe za kansa. Hakuna utafiti wa binadamu uliothibitisha kwamba majani haya yanaponya kansa. Kansa ya titi ikiwahiwa ina matibabu. Ikiachwa miezi sita kwa ajili ya chai ya majani, inakuwa ugonjwa mwingine kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Mstafeli una kemikali iitwayo anonasini, inayodhuru chembe za neva. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo kutoka kisiwa cha Guadeloupe kule Karibiani: wagonjwa wenye dalili zinazofanana na Parkinson (ugonjwa wa neva wa kutetemeka na kukakamaa), lakini wasiopata nafuu kwa dawa za kawaida, walikuwa wametumia matunda na chai ya mimea ya jamii hii kwa wingi. Uhusiano umeonekana, ingawa si uthibitisho kwamba ndio chanzo pekee. Kula stafeli msimu wake kama tunda, lina vitamini C na nyuzinyuzi, sina neno. Kunywa majani kila siku miezi na miezi ndiko ninakokuogopa. Tena majani yanaweza kushusha presha na sukari, kwa hiyo anayemeza vidonge vya presha au kisukari akiongeza na hayo anaweza kuanguka.

Mbegu zina sumu. Anayetengeneza juisi aziondoe zote kwanza kwa mkono, asiziwashie blenda. Na maji ya mbegu yasiingie machoni.

Yule kijana mtafute. Usimlaumu wala usimkebehi mama yake, ana hofu tu. Mwambie arudi kliniki, na awaambie wahudumu amekunywa nini na kwa muda gani.

lushoto_juu
Naomba kuuliza hapohapo, wa kwangu huku Lushoto unadumaa tu mwaka wa tano.

mkulima_mkuranga
Baridi hiyo ndugu. Lushoto mjini mko zaidi ya mita 1,300. Mstafeli ni mti wa joto, ukipita mita 1,000 unaanza kulalamika.

MamaPongwe
Narudi na majibu, ni wiki ya saba sasa. Mungu awalipe nyote.

Maji ya bafuni mjukuu wangu ameyachimbia mfereji mpaka kwenye migomba. Matunda meusi niliyachoma, yalijaa ndoo ndogo. Mkanda wa grisi umefanya kazi, isipokuwa sisimizi walipata njia kwenye kamba ya kuanikia nguo niliyokuwa nimeifunga mtini. Nimeihamisha. Tawi moja la chini, lile lililochumwa kuliko yote, limekauka kabisa, nimelikata.

Brashi niliinunua, nikaanza na maua manne kwa siku. Siku za kwanza nilikuwa nafika nimechelewa, chavua imeshamwagika. Sasa nikiswali alfajiri natoka moja kwa moja. Nimehesabu vitunda 17 vilivyoshika, vyote vya duara mpaka sasa, vitatu vimeshaanza kunenepa. Kimoja kipo kwenye shina, usawa wa kifua changu, mahali hasa yalipokuwa yananing'inia yale mawili ya kwanza.

Wanaokuja kuomba majani sasa nawakaribisha kwenye mkeka kwanza. Nauliza ni nani anayeumwa, anaumwa nini, anameza dawa gani. Nawasomea maneno ya nesi kama yalivyo. Wengine wanaondoka wamenuna. Mmoja aliniambia nina choyo. Limeniuma lakini sikumchumia.

Yule kijana nilipata namba yake kwa dereva wa bodaboda aliyemleta. Tulizungumza mara tatu. Mara ya tatu alimpa mama yake simu. Tuliongea kwanza habari za watoto, za mvua, ndipo akaniambia mwenyewe kwamba alikuwa anaogopa kukatwa titi. Alhamisi iliyopita walikwenda kliniki, wamepewa tarehe ya vipimo. Nimemuahidi stafeli la kwanza.

Swali langu lililobaki: nivifunike vitunda kabla masika haijakolea, au niviache?

BabuMakunduchi
Vifunike mwanangu, vikifika ukubwa wa ngumi. Mfuko wa khaki au kipande cha kiroba, chini uwazi maji yatoke. Nailoni usitumie, itachemsha tunda. Na tunda la mgonjwa usilisubiri lilainike mtini, popo watakutangulia. Likipoteza ule ukijani wa kung'aa, likawa na umanjano kidogo na miiba imeachana, kata na kikonyo chake. Siku tatu mpaka tano ndani ya nyumba litakuwa tayari.