Nahamia eneo lenye makanisa makali na nina talaka. Nitajuaje kanisa litakalonipokea?

MamaPacha

Shalom wapendwa. Kazi inanihamisha mwezi ujao, naenda sehemu ambayo dini ndiyo kila kitu. Mkishasalimiana tu, swali linalofuata ni "unasali wapi?" Hilo halinisumbui, mimi ni mtu wa kanisa tangu utotoni. Kinachonisumbua ni kwamba ndoa yangu ilivunjwa mahakamani, sijaolewa tena, na nalea mapacha peke yangu. Huku nilipo nasali Kilutheri: naimba sauti ya pili, nafundisha Shule ya Jumapili, na mara mojamoja naongoza liturgia. Wananijua kabla na baada ya talaka, kwa hiyo hakuna wa kunihoji.

Nimeshapiga simu kanisa mojawapo la huko. Aliyepokea alichangamka sana, mpaka aliposikia neno talaka. Akasema, "Karibu, ukifika utaongea na wazee." Mtu wa kanisa anaijua hiyo lugha. Rafiki yangu mmoja kanishauri nijiite mjane (kwa nia njema, lakini hapana, siwezi kumzika mtu aliye hai). Wala sitaki wanangu wawe wananiangalia nimebaki kwenye benchi wenzangu wakienda mezani pa Bwana. Wenye uzoefu, niangalie dhehebu au niangalie usharika wenyewe?

Bibi_Katibu

Mwanangu, nimekuwa katibu wa baraza la wazee kwa miaka mingi. Kesi za watu kama wewe niliziandika mimi kwenye muhtasari, kwa hiyo nitakueleza yanayosemwa mlango ukishafungwa.

Elewa kwanza kwamba kusali mahali ni jambo moja, kushiriki meza ni jingine, kuandikwa mshirika ni jingine, na kupewa huduma ni jingine kabisa. Ile "karibu sana" ya mlangoni ni ya hilo la kwanza tu. Hakuna anayemfukuza mtu kwenye benchi, tena mwenye sadaka mkononi. Kwa hiyo usiwaulize kama wanakaribisha, maana wote watasema ndiyo. Uliza hivi: "Mwanamke aliyetalikiwa anaweza kufundisha Shule ya Jumapili kwenu?" Wakijibu ndiyo bila kumeza mate, mengine yote yamejijibu.

Kuhusu dhehebu, linasaidia lakini kibao cha nje hakitoshi. Wakatoliki wengi wenyewe wanadhani talaka ya mahakamani peke yake inamnyima mtu komunyo. Sivyo. Asiyeolewa tena hazuiwi kwa sababu hiyo. Kizuizi kinakuja akiingia ndoa nyingine huku ile ya kwanza haijatangazwa kuwa batili, na Papa Fransisko alirahisisha utaratibu wa kuichunguza mwaka 2015. Kwa Waanglikana kila jimbo kuu lina kanuni zake: Kanisa la Uingereza liliruhusu mwaka 2002 kufungisha ndoa ya mtu mwenye talaka hata kama mwenzake wa zamani yu hai, lakini likamwachia kasisi aamue. Wabaptisti hawana askofu juu ya kanisa la mahali, washirika wenyewe wanapiga kura, basi makanisa mawili yanayotazamana yanaweza kukujibu tofauti. Na kwa kuwa wewe unaongoza ibada, ujue kwamba Wabaptisti wa Kusini wa Marekani waliandika kwenye tamko lao la imani la mwaka 2000 kuwa uchungaji ni wa wanaume. Wenye msimamo huo watakupokea vizuri tu, ila madhabahuni hawatakupandisha. Jeshi la Wokovu nao wako tofauti: hawana kabisa huduma ya meza, na wanawake wamekuwa maofisa tangu mwanzo wao. Hofu yako ya benchi kwao haipo.

Halafu uliza mchungaji analetwa na nani. Akipangwa na askofu, ukarimu unaouona leo unaweza kuhamishwa naye mwakani. Akichaguliwa na washirika, basi tabia ya pale ni ya washirika wenyewe, na hiyo haibadiliki upesi, iwe njema au mbaya.

Ukifika, nenda siku ya Chakula cha Bwana hata kama hutashiriki, ukae katikati. Angalia watu wanavyotoka kwenye mabenchi. Waliozuiwa wamezoea: wanakaa pembeni mwa benchi ili wengine wapite bila kuwaruka, wanavuta magoti upande, wanafungua kitabu cha nyimbo na hawasomi kitu. Ukiona benchi zima la nyuma ni wanawake wanaovuta magoti, hakuna haja ya kuongea na wazee. Mimi hapo ningesubiri baraka, nikatoka.

Na usiondoke huko kwako bila barua ya uhamisho. Iseme wazi kwamba unashiriki meza na huduma ulizofanya. Lakini usiikabidhi siku ya kwanza! Barua ikishapokelewa wewe ni wao, na huko ulikotoka jina linafutwa. Kaa nayo kwenye mkoba mpaka roho itulie.

Mberoya

Bwana asifiwe. Mimi nasali kwenye mojawapo ya hayo mnayoyaita makali, naomba niseme upande wetu. Mathayo 19, pale Yesu anapoikemea talaka, ipo, hatukuiandika sisi. Wazee wakitaka kuongea na mgeni si lazima wawe na nia mbaya. Kwetu wanauliza nani aliondoka na kwa nini, kwa sababu Paulo naye katika 1 Wakorintho 7 anasema aliyeachwa na asiyeamini hafungwi. Dada aliyetelekezwa hawekwi kapu moja na aliyevunja nyumba yake mwenyewe.

Nikubaliane na Bibi kwa jambo moja. Ukali wenyewe upime kwa wanaume. Kama kuna mzee wa kanisa ambaye kila mtu anajua ana nyumba ndogo na bado anagawa matangazo, huku akina mama wenye talaka wakihojiwa, ukali huo si wa Maandiko. Kama unamgusa kila mtu, hata mwenye bahasha nene, unaweza kukaa. Ukiugua hao hao ndio watakaojaa wodini.

Bibi_Katibu

Mberoya, kwenye hilo la bahasha nene nakuunga mkono. Ila kuulizwa "nani aliondoka" mbele ya wanaume tisa waliovaa suti wewe hujawahi kuulizwa. Mimi nilikuwa naandika, nilikuwa nawaona wakitafuta mahali pa kuweka mikono. Mwanangu akiitwa, aombe kuongea na mchungaji na mzee mmoja mwanamke, basi. Kanisa lisilo na mzee mwanamke hata mmoja nalo limejibu kitu.

SautiYaNne

Mimi ni mtoto wa mama kama wewe, kwa hiyo nitasema la mapacha. Omba fomu ya Shule ya Jumapili au ya kipaimara uisome. Ya kwetu ilikuwa na sehemu ya "tarehe ya ndoa ya wazazi kanisani", na mwalimu alikuwa anaisoma kwa sauti mbele ya darasa. Mama alikuwa amepokelewa vizuri kabisa na watu wazima. Sisi ndio tuliokuwa tunaulizwa.

Na pitia kwaya. Kwaya inakosa sauti ya pili muda wote, watakupa sare kabla baraza halijakaa. Natania nusu tu. Kwenye mazoezi ndiko utakakoambiwa ukweli kuhusu mchungaji, tena bila kuuliza.

MamaPacha

Shikamoo Bibi, na asanteni nyote. Jana nilipiga simu makanisa mengine mawili na lile swali la Shule ya Jumapili. La kwanza walisema watanipigia, hawajapiga. La pili alipokea mchungaji mwenyewe, akacheka, akasema mkuu wa Shule ya Jumapili yao ametalikiwa na nikitaka atanipa namba yake. Ila ni la Kipresbiteri, liturgia yao siijui hata kidogo. Kaka Mberoya, nimekuelewa, na kwa kweli niliachwa mimi. Lakini nisingependa hilo ndilo liwe tiketi yangu ya kuingilia.

Bibi, la mwisho: barua naomba kwa mchungaji au inaanzia kwa mzee wa mtaa?

Bibi_Katibu

Marahaba. Anza kwa mzee wa mtaa, asione umemruka, kisha mchungaji atie sahihi na mhuri. Aandike na namba yake ya simu, maana barua zinapotea mezani kwa makatibu. Liturgia utaizoea, nyimbo nyingi ni zilezile. Huyo mkuu wa Shule ya Jumapili mpigie leo.