Cheni mpya yalegea kila mara, njia ya Malindi–Mambrui. Nikate pingili?

mwendo_wa_sabaki
Wakuu, salaam. Pikipiki ni ya siisii 150, ya kazi ya boda, breki za ngoma mbele na nyuma. Kituo ni Malindi mjini, njia ni kuvuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui na Gongoni, na abiria akitaka Marafa napanda murram. Cheni ilikuwa imekwisha, nikaweka mpya. Sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) zilibaki zile zile kwa sababu meno bado yapo. Sasa nikiikaza leo, keshokutwa inaning'inia. Na hailegei sawasawa: zungusha gurudumu, mahali fulani imekaza, mahali pengine imelala. Nikifunga mafuta ghafla kuna kitu kinagonga nyuma. Usafi haukosi, kila jioni naiosha kwa maji ya kisima halafu naipaka oili chafu ya injini. Fundi mmoja asema tukate pingili moja (kiungo kimoja cha cheni), mwengine asema nipake grisi nzito. Nifuate lipi?

spana_17
Ndugu yangu, usikate. Kwenye cheni ya kawaida ya klipu huwezi kutoa pingili moja, maana za ndani na za nje zinapishana. Zatoka mbili kwa pamoja. Kwa cheni ya saizi ya 428 hizo ni milimita 25.4, na gurudumu litasogea mbele karibu milimita 13. Lakini hata ikiwezekana, hujatibu kitu. Chuma cha bamba hakivutiki. Kinacholika ni pini na bushi (kibomba kinachoizunguka pini) ndani ya kila kiungo, kidogo kidogo, na kwa kuwa viungo vimezidi mia ndiyo maana waona cheni "imerefuka". Ukikata, kila kiungo kilichobaki bado kina nafasi ile ile iliyozidi na kitaendelea kupanda juu ya meno.

Pima badala ya kukisia. Ivute cheni ikaze, hesabu pini 21 (yaani nafasi 20), pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya 21. Cheni mpya ya 428 husoma milimita 254. Ikifika 259 itupe. Pima sehemu tatu tofauti, kwa sababu hailiki sawa kote.

Halafu hili la "meno bado yapo". Meno huwapo hata sproketi ikiwa imekufa! Tazama umbo: jino zima lina mteremko sawa pande zote mbili, lililokwisha limelala upande mmoja kama pezi la papa. Na usitazame ile kubwa ya nyuma tu kwa vile ndiyo iliyo wazi. Fungua kava la kushoto uione ndogo ya mbele. Hiyo huzunguka karibu mara tatu kila gurudumu likizunguka mara moja, kwa hiyo hutangulia kufa. Cheni mpya juu ya meno ya namna hiyo haikai kwenye mabonde yake, mzigo wote wabebwa na meno machache, na rola (vibomba vya cheni vinavyokaa kwenye meno) zinaliwa. Cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma zinabadilishwa kwa pamoja.

upepo_wa_kusi
Hayo ya meno ni kweli, lakini hakuna aliyeuliza habari ya kisima. Visima vingi vya karibu na pwani maji yake yana chumvi. Ukiyaonja ukakunja uso, ujue pikipiki nayo inayaonja kila jioni. Maji yanakauka, chumvi inabaki kati ya bamba na rola, usiku inavuta unyevu, asubuhi kuna kutu nyekundu na pingili zisizokunjika vizuri. Hizo pingili ngumu zaweza kuwa chanzo kimoja cha cheni kukaza mahali fulani na kulegea kwengine. Chanzo kingine ni sproketi iliyolika upande au iliyofungwa ikiwa haijakaa katikati. Zamisha cheni kwenye mafuta ya taa, kunja kila kiungo kwa mkono. Kinachobaki kimesimama hakifai.

Maji ya kuoshea yawe ya mfereji au ya mvua, na si lazima kila siku. Wakati wa kusi, pepo zikitoka baharini, ipitishie maji yasiyo na chumvi hata kama hujapita mchangani, hasa ukilaza pikipiki karibu na ufuo. Usielekeze mashine ya presha kwenye cheni wala kwenye beringi za magurudumu, inasukuma mchanga ndani na kutoa grisi nje.

gia_ya_tano
Oili chafu yatumika miaka yote na boda zatembea. Mwataka mtu atumie pesa bure.

upepo_wa_kusi
Kaka, oili chafu ni afadhali kuliko cheni kavu, hilo sipingi. Lakini ina masizi na unga wa chuma uliotoka injini, na ni nyepesi, inarukia tairi. Oili ya gia namba 90 chupa ya lita moja inakaa muda mrefu sana kwa kazi hii, kwa hiyo hoja ya gharama haisimami.

Grisi nzito ndiyo mbaya zaidi kwa njia ya Mambrui. Haipenyi kufika kwenye pini, inabaki nje, mchanga unaganda juu yake na hapo umejitengenezea msasa. Utaratibu: injini imezimwa, stendi ya katikati, gia huru. Sugua kwa mswaki na mafuta ya taa (petroli hapana, inawaka upesi mno), pangusa, acha ikauke. Dondoshea oili upande wa ndani wa cheni ya chini, yaani ule unaoelekea meno, huku unazungusha gurudumu kwa mkono kinyumenyume. Mwendo utaisukuma oili kuelekea nje. Ngoja robo saa, kisha pangusa ya juu yote. Cheni ikionekana imelowa ujue umezidisha.

Na tafadhali, asiwepo mtu wa kuwasha injini na kutia gia ili cheni ijizungushe mwenyewe akiwa ameshika tambara. Tambara linavutwa, na kidole kinafuata.

mwendo_wa_sabaki
Nashukuru. Nimefungua kava: sproketi ndogo imelala vibaya, yatisha. Pini 21 zasoma 257 na cheni ni mpya! Naenda kuchukua seti. Nikifika dukani nihakikishe nini, na kukaza ni kiasi gani? Huwa naikaza hadi isicheze.

spana_17
"Hadi isicheze" ndiko kunakoua beringi na sili ya shafti ya gia. Abiria akikaa, mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma unapanda na cheni inajikaza zaidi. Lazima iwe na nafasi ya kuchezea.

Dukani: soma namba iliyopigwa kwenye bamba la cheni yako, hesabu meno ya sproketi zote mbili na idadi ya pingili, linganisha na mpya. Wengine huongezewa meno ya nyuma bila kujua, kisha wanashangaa pikipiki haikimbii.

Kufunga: klipu ya kiungo, ule upande uliofumba uangalie mwendo wa cheni. Ukiigeuza, jiwe moja la murram laweza kuing'oa. Kukaza: legeza nati ya ekseli, zungusha virekebishi vya kushoto na kulia robo robo, alama za pande zote mbili zilingane. Alama zenyewe wakati mwengine zadanganya, kwa hiyo chuchumaa nyuma utazame kama cheni inaingia sproketi ikiwa imenyooka. Pima mchezo katikati ya cheni ya chini, juu hadi chini. Pikipiki nyingi za aina hii hutaka milimita 25 hadi 35, lakini kibandiko au kitabu cha pikipiki yako ndicho hakimu. Pima mahali cheni ilipokaza kabisa, si pale ilipolegea. Kaza ekseli, kisha pima tena, maana nati ikikazwa gurudumu husogea. Kota pini (ile inayozuia nati ya ekseli isifunguke) weka mpya.

Baada ya kilomita 200 hadi 300 irekebishe tena. Seti mpya hukaa sawa baada ya mwendo wa mwanzo.

ngoma_na_kemu
Mambo mawili yamesahauliwa. Kule kugonga ukifunga mafuta: tazama raba zilizo ndani ya habu ya nyuma. Shika gurudumu lisizunguke, pinda sproketi mbele na nyuma kwa mkono. Ikicheza sana, raba zimekwisha, na cheni mpya itapigwa mitetemo kila ukibadilisha gia. Ukiwa umetoa gurudumu kwa ajili ya sproketi, ndio wakati wa kuzibadilisha.

La pili ni breki. Ukivuta gurudumu nyuma, fimbo ya breki ya nyuma nayo inavutwa, na shuu (viatu vya breki vilivyo ndani ya ngoma) zaweza kuanza kugusa ngoma bila wewe kukanyaga. Inapata joto, inaliwa, siku ya kuihitaji haipo. Kila ukikaza cheni, rekebisha nati ya fimbo: pedali ishuke milimita 20 hadi 30 kabla breki haijashika, na gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Kwa hewa ya chumvi ya hapa, ile kemu inayofungua shuu nayo hushika kutu na kurudi polepole. Itoe, isafishe kwa msasa mwembamba, paka grisi kidogo sana kwenye shingo yake tu. Ikidondokea shuu, hizo shuu ni za kutupa.