MREJESHO: Albamu ya marehemu mama iliyogandia picha
Habari zenu ndugu zangu. Miezi 4 iliyopita niliwauliza kuhusu albamu ya marehemu mama: picha zimegandia kwenye kurasa za gundi, na nyingine nikiziangalia sikumbuki tena siku ile ilikuwaje. Asanteni sana kwa majibu, nimerudi kama nilivyoahidi.

Uzi wa kusafishia meno mlionishauri kuzibandulia umefanya kazi. Niliupitisha taratibu nyuma ya picha, kona hadi kona. Kati ya picha 43 nimeokoa 38. Tano zilichanika, mojawapo ni ya mama akiwa na mimba yangu. Hiyo imeniuma mno. Mliosema nizipige picha zote kwanza kabla ya kuzigusa mlisema kweli, mimi nikafanya haraka. Tafadhali msirudie kosa langu. Zilizopona nimeziskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi, ili zionekane vizuri), nakala nyingine anazo dada.

Kuhusu kuandika maelezo nyuma ya picha kwa penseli: picha za zamani zinakubali, ila karatasi mpya zenye plastiki penseli inateleza. Hizo nimeandika kwenye bahasha zake.

Lililonigusa zaidi ni ule ushauri wenu wa kuandika nilichosikia siku ile ya picha, siyo majina tu. Nyuma ya picha ya mama akishona nimeandika: "Pini mdomoni, anavumisha wimbo, ananikataza nisikanyage kitambaa." Sikujua kama bado ninayo hayo kichwani. Nililia sana. Kesho yake nikaenda kupiga picha viganja vya baba.