Nataka German Shepherd kwa mama anafuga nyumbani Mtwapa, niangalie nini kabla sijatuma pesa?

babaRehema_Bamburi

Habari za jioni wandugu. Kuna mama mmoja Mtwapa jike lake la German Shepherd limezaa watoto 6, si mtu wa biashara, ana mbwa wawili tu pale kwake na huzalisha mara moja moja. Nimempigia simu akanihoji kama naomba kazi, mara nyumba ni yangu ama ya kupanga, mara ua una ukuta, nani anabaki na mbwa mchana, mbwa wangu wa mwisho alienda wapi. Halafu ananiambia hawatoi kabla ya wiki 8 na niende kwanza nikawaone. Bei 35,000. Sasa kuna kijana mwingine wa mtandaoni anauza 15,000, wana wiki 5, anakuletea mpaka mlangoni na hana swali hata moja. Mke wangu asema huyu mama anaringa, mbwa ni mbwa.

Niseme ukweli lakini, mwezi wa pili nilinunua kwa mtu wa namna hiyo ya mtandaoni. Tulikutana stejini, akamtoa papi kwenye katoni, nikatuma pesa kwa simu basi. Siku ya 4 akaanza kutapika, akahara damu, siku ya 6 amekufa na namba ya yule mtu haishiki tena. Binti yangu ana miaka 9, mpaka leo ile bakuli ya maji hataki itolewe. Huyu mama aliponiuliza mbwa wa mwisho nilimwambia alipotea, niliona aibu. Niende na maswali gani?

KisauniYetu

Kwa huyo wa 15,000 usirudi hata kuuliza. Wiki 5 bado ananyonya, na mtu asiyetaka ujue kwake anaficha mama wa hao watoto, pengine hana hata huyo mama.

dadaWaKliniki

Pole sana baba Rehema, mpe pole na mtoto. Mimi nafanya kwa daktari wa mifugo hapa mjini miaka mingi na hiyo uliyoeleza, kutapika halafu kuhara damu kwa papi mdogo, tunaiona sana na mara nyingi ni pavo, ugonjwa wa virusi unaoshika matumbo ya mbwa. Hapakupimwa kwa hivyo siapi, lakini hesabu zako zinaniambia kitu, pavo huchukua siku 3 mpaka 7 hivi tangu virusi viingie hadi dalili zitoke, kwa hivyo kama ulimpata na siku ya 4 akaanza, kuna uwezekano mkubwa alikuja nayo kwenye hiyo katoni. Usijilaumu.

Ila kuna jambo hapa hujalitaja na ndilo linanitia wasiwasi kuliko bei. Virusi vya pavo vinakaa ardhini, hata mwaka na zaidi, hasa kivulini na penye unyevu, na nyumba zetu hizi za pwani zenye miembe na bomba linalovuja nyuma unajua ziko vipi. Yule papi alihara wapi? Kama ni uani basi huo ua huenda bado una ugonjwa wa yule papi wa mwezi wa pili. Penye saruji toa uchafu wote kwanza usugue na sabuni, halafu jiki, kipimo 1 kwa maji 30, iache dakika 10 ndo usuuze. Penye mchanga jiki haifanyi kazi, hapo ni kumzuia tu asikanyage mpaka amalize chanjo.

Na kumaliza chanjo si sindano moja, hapa ndipo watu wengi huteleza. Papi anapata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama na hiyo kinga huua chanjo kabla haijamfaa, inaisha mmoja akiwa na wiki 7, mwingine 14, huwezi kujua kwa macho. Ndo maana tunadunga kuanzia wiki 6 au 8 na kurudia kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Mtu akikwambia "huyu ameshachanjwa" muulize mara ngapi, lini, na kadi iko wapi, na kwenye kadi utafute ile stika ya chupa na sahihi ya daktari. Ya kichaa cha mbwa ni miezi 3. Minyoo inaanza wiki 2.

Kwa hivyo mwambie huyo mama ukweli. Hakuuliza kwa umbea.

MfugajiNyali

Huyo mama simjui lakini najua anavyofikiria, mimi pia jike langu huzaa mara chache na kila mara nasema hii ndio mwisho. Watu huhesabu 35,000 mara 6 wakaona utajiri. Jike hubeba siku 63, anakula vya kawaida mara mbili, kuna daktari, chanjo za watoto wote, na wiki za kwanza unalala sakafuni na feni kwa sababu joto letu hili la Januari jike anahema mpaka unaogopa.

Ukienda usikimbilie watoto, muangalie mama mtu. Akuje mwenyewe akunuse. Kama anajificha au anataka kukurarua na mwenyewe anacheka tu, tabia hiyo huenda watoto wakawa nayo pia. Uliza ana miaka mingapi, chini ya 2 mimi siwezi kumpandisha, na amezaa lini mara ya mwisho. Uliza nyonga, ule ugonjwa wa kiungo cha nyonga kutokaa sawa, German Shepherd hii ndo shida yake kubwa, wazazi wote wawili walipigwa eksirei au la? Huku pwani wengi hawajapiga na atakayekwambia wazi hakupiga namheshimu kuliko anayeapa "hawa wako sawa kabisa". Kama eksirei zipo, daraja A au B ndio nzuri. Karatasi za East Africa Kennel Club, chama cha wafuga mbwa, zinakuonyesha ukoo tu, si afya, usizichanganye. Na muandikiane kwamba ukishindwa naye, hata akiwa na miaka 5, anarudi kwake.

Jengine, mbwa huyu si pambo la geti. Bridi hii ilianzishwa Ujerumani 1899 na kapteni Max von Stephanitz akitaka mbwa wa kazi wa kuchunga kondoo, ukimfungia kibandani kutwa anakuwa na wazimu. Mtembeze kabla ya saa moja asubuhi au baada ya magharibi, mchana lami inamchoma nyayo.

Likoni_Mwenyeji

Mimi nauliza tu kwa heshima, kwani lazima awe wa Kizungu? Mbwa wetu hawa wa kawaida wanavumilia joto, hayo ya nyonga si sana kwao, na KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama, kila siku wana wanaotafuta nyumba. Na majirani zako wengi Waislamu nadhani, mbwa awe wa aina yoyote asiwapite kwenye njia ya msikitini, hilo lipange mapema.

babaRehema_Bamburi

Likoni hujakosea, nilifikiria. Rehema anamtaka huyu kwa sababu ya yule aliyekufa, na mimi nimemkubalia. Ukuta upo na jirani yangu mzee nimeshaongea naye, ameomba tu asibweke kwenye dirisha lake usiku, kibanda nitakiweka upande wa pili.

babaRehema_Bamburi

Wandugu nimetoka Mtwapa leo. Jike lilikuja lenyewe, likaninusa viatu likalala karibu na mlango. Ana miaka 4, hii ni mara ya pili. Eksirei ya baba ipo, ya mama hana na alisema mwenyewe kabla sijauliza.

Nikamwambia kuhusu yule papi. Nilidhani atanifukuza. Alinyamaza kidogo akauliza alikufa mwezi gani na uani kuna mchanga au saruji, halafu akasema basi wangu hatoki kwa wiki 8, atakaa naye mpaka ipite wiki moja baada ya sindano ya pili, na pesa ya chakula ya hizo wiki haongezi. Anataka nimtumie picha ya saruji nikishapiga jiki. Jumamosi Rehema anakuja kuchagua, kuna dume mmoja ana sikio limelala nadhani ndo huyo. dadaWaKliniki, nyuma kuna mwembe na chini yake ni mchanga mtupu, nizungushe waya ama nimwage saruji kabisa?

dadaWaKliniki

Waya inatosha, saruji inaweza kuua mwembe. Ila mpakate umtoe nje mara kwa mara aone pikipiki na watu, asije akakua muoga kwa kufungiwa ndani.