Linki ya kilomita 14 juu ya bahari inakatika asubuhi, naombeni ushauri

Fundi_Fumba
Wakuu salaam. Naomba msaada maana nimefika mwisho. Nina linki ya redio, yaani intaneti bila waya, ya 5.8 GHz kutoka Fumba kwenda ng'ambo ya ghuba ya Menai, kilomita 14 na karibu yote ni maji. Madishi 30 dBi (kipimo cha dishi linavyokusanya mawimbi) pande zote mbili, pawa ya redio nimeweka 20 dBm. Huku dishi liko mita 15 juu ya maji yakijaa, kule kuna mnara, liko mita 22. Kwa darubini nauona mnara wa pili vizuri kabisa. Signali ya kawaida ni -51 dBm (namba ikizidi kushuka chini ya sifuri signali ni dhaifu zaidi) na hesabu inatoa hivyohivyo, sasa ikifika asubuhi inashuka taratibu, -60, -68, mpaka -77 na hapo linki inakufa kama saa nzima halafu inapanda yenyewe bila mtu kugusa kitu. Kuna skuli inategemea hii linki, walimu wananipigia kila ikikatika na wana haki. Nimebadilisha kebo, nimehama chaneli mara nne, nimeapdeti redio zote, moja nimenunua mpya kabisa. Nilidhani joto la jua, lakini kuna siku jua kali na linki haitikisiki.

kebo_na_waya
Pole sana. Panda uangalie konekta kwanza, chumvi ya huko inakula kila kitu. Na kama uko chaneli za DFS, zile zinazotumiwa pia na rada, redio ikihisi rada inahama yenyewe.

Fundi_Fumba
Konekta nimezifungua zote, kavu. DFS sio kaka, ile inakata ghafla, hii inashuka polepole kama mtu anapunguza sauti.

Mzee wa Minara
Weka madishi makubwa 34 dBi umalize, hapo unakosa nguvu tu.

bintiPwani
Asinunue kitu jamani. Fundi, una rekodi ya saa? Tuandikie siku na saa linki ilipokufa, za usiku pia.

Fundi_Fumba
Ninazo kwenye daftari. Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi. Jumanne saa nne na dakika kumi na tano. Jumatano saa tano na dakika tano. Alhamisi ilishuka mpaka -66 tu haikufa. Baada ya hapo wiki nzima shwari, nikajua imepona, kisha ikaanza tena. Usiku nimeangalia sasa hivi kwenye log, kumbe inakufa pia, saa nne kasoro, nne na nusu, hakuna aliyelalamika kwa sababu skuli imefungwa.

bintiPwani
Inasogea kama dakika 50 kila siku, inakuja mara mbili kwa siku, na inapumzika wiki. Sasa niambie, siku hizo maji yalikuwaje?

Fundi_Fumba
Subhanallah. Mama yangu analima mwani. Siku linki inapokufa ndio siku anazoshuka pwani, anarudi saa sita kanga imelowa mpaka kiunoni ananikuta barazani na laptopu ananiuliza "bado tu?" Ni bamvu, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana. Inakufa maji yakipwa kabisa.

bintiPwani
Ndio hiyo. Dishi la pili linapokea miale miwili, mmoja umekuja moja kwa moja na mwingine umedunda juu ya bahari, na ukidunda unageuka, kilele cha wimbi kinakuwa bonde. Nimepiga hesabu kwa urefu wako nikaondoa na mviringo wa dunia: maji yakijaa mwale wa pili unazidi njia kwa sentimita 3.4 hivi, bamvu likipwa kama mita nne unazidi kwa 5.2 au 5.3. Wimbi la 5.8 GHz lina urefu wa sentimita 5.2. Kwa hiyo ukizidi wimbi zima, na ulishageuka, vilele vyake vinakutana na mabonde ya ule wa kwanza na unauua. Siku za maji mafu, kati ya bamvu na bamvu, bahari haipwi sana ndio maana unapata wiki ya raha. Na Mzee wa Minara nisamehe, dishi kubwa halitasaidia hapa, miale hiyo imeachana kwa chini ya nyuzi moja na hata dishi la 34 linaipokea yote miwili.

Mzee wa Minara
Nimekuelewa dada, nimejifunza. Sasa afanye nini, apandishe mnara?

bintiPwani
Ashushe! Dishi la mita 22 lije 16. Tofauti itacheza kati ya 2.2 na 3.9, mbali na 5.2. Na katikati bado una kama mita 12 na nusu juu ya maji yakijaa, wewe unahitaji 8 tu ili mwale wa moja kwa moja upite bila kuzuiwa. Kama kuna mahali pa kulirudisha nyuma ya ukingo wa paa ili mwale wa chini uzibwe, bora zaidi.

kebo_na_waya
Miaka mingi nawaambia watu wapandishe juu.

Fundi_Fumba
Mrejesho. Nimeshusha Ijumaa baada ya sala, mita 16, nimelenga upya, -50. Nikasubiri bamvu. Leo saa nne asubuhi nilikuwa juu ya mnara, maji yamekimbia mpaka ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga na akina mama wako mbali kule kwenye mwani. Nikasoma -53, nikangoja mpaka saa tano, -54. Mwalimu mkuu hajapiga simu. bintiPwani Mungu akulipe, usiku saa nne na nusu naangalia tena kisha naleta grafu nzima hapa.