Nasoma saikolojia ila naona takwimu tu, nimekosea kozi?

mgeni_darasani
Habarini wakuu. Niko semista ya pili, saikolojia. Wakati najaza fomu nilijua tutajifunza kukaa na mtu mwenye msongo, kumsikiliza, ushauri nasaha, vitu kama hivyo. Kumbe ni takwimu juu ya takwimu. Juzi nimeingiza dodoso 60 kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, mpaka usiku wa manane macho yanauma, kompyuta ikanitemea 0.07, lekcha akaitupia jicho akasema "hapo huna kitu" akapita zake meza ya pili. Na hesabu ndo nilikuwa naikimbia! Nihame au nikomae?

mzee_wa_data
Pole mdogo wangu. Hujadanganywa na chuo, umedanganywa na jina. Hii fani imezaliwa maabara, mwanasaikolojia Wundt alifungua ya kwake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879 na kazi ilikuwa kupima mtu anachukua muda gani kuitikia sauti au mwanga, hakuna kochi hapo wala machozi. Halafu hiyo 0.07 isikutoe roho. Maana yake hata kama hakuna tofauti yoyote, bahati tu ingeweza kukupa matokeo kama hayo au makubwa zaidi karibu mara 7 kwenye 100. Mstari wa 0.05, ule ambao ukishuka chini yake ndo wanasema una kitu, ni makubaliano ya watu, na dodoso 60 huenda ni chache. Lekcha wako alikuwa na haraka zake.

hama_hama
Mi nilihama nikaenda ustawi wa jamii kwa sababu hiyohiyo. Semista iliyofuata nani ananisubiri mlangoni? Takwimu 😂 Kabla hujahama omba orodha ya masomo ya miaka yote, usisome jina la kozi tu kama nilivyofanya mimi.

dada_mshauri
Na ujue mapema, nchi nyingi digrii ya kwanza peke yake haikupi ruhusa ya kutibu watu, wanataka uzamili na mazoezi chini ya msimamizi. Anayeandika dawa ni daktari wa magonjwa ya akili, yule kasoma udaktari kabisa, watu wanawachanganya kila siku.

mgeni_darasani
Asanteni wakuu. Nimeitafuta hiyo orodha, stadi za ushauri ziko mwaka wa tatu, kwa hiyo nabaki. Ila semista ijayo kuna Takwimu ya Pili, mwenye notsi jamani asininyime.