Bungua wa mabua kwenye mahindi: dawa au sukuma-vuta?

Mkulima_Bunda: Wadau, naombeni ulinganisho. Mahindi yangu yapo magotini, majani yana vitundu vilivyojipanga mstari, na baadhi ya miche moyo umekauka, ukiuvuta unachomoka. Nikipasua bua namkuta funza wa rangi ya maziwa mwenye madoa ya zambarau mgongoni, amejaza unga wa kinyesi. Ninunue dawa ya punjepunje au nianze sukuma-vuta, ile ya kupanda mimea ya kumfukuza na kumvuta mdudu?

Mama Neema: Pole ndugu. Dawa inafanya kazi kwa funza aliye bado kwenye majani machanga. Akishaingia ndani ya bua, hela yako imepotea. Tia punje chache kwenye moyo wa miche yenye vitundu tu. Iliyokauka moyo ing'oe, wape mifugo.

Bwana Shamba: Kwa madoa hayo ni Chilo partellus, mgeni kutoka Asia. Yule wa nyanda za juu, Busseola fusca, ni wa Afrika hii hii na hana madoa hayo. Chilo ana adui yake, nyigu mdogo Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistan na kuachiwa pwani ya Kenya mwaka 1993. Ukipulizia shamba zima ovyo, nyigu naye anakufa. Tafadhali usifanye hivyo.

Jirani_Mbita: Mimi nasimama na sukuma-vuta, iliyofanyiwa kazi na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huku kwetu Mbita, Kenya. Desmodi, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari inamfukuza nondo, mzazi wa bungua, kwa harufu. Majani ya tembo, nayo ni malisho, pembeni yanamvuta akatage huko, na viwavi wengi wananaswa na utomvu wake. Lakini kilichonishika mimi ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi: mizizi ya desmodi inaotesha mbegu za kiduha kisha inazizuia zisishike mizizi ya mahindi. Shamba lililokuwa zambarau kwa maua ya kiduha sasa linavunwa! Ugumu ni mbegu, bei yake kali, na palizi ya msimu wa kwanza, maana desmodi inachelewa kufunika ardhi.

Mkulima_Bunda: Ng'ombe ninao, ila mvua zetu hazitabiriki.

Jirani_Mbita: Basi chukua desmodi ya majani ya kijani na nyasi za brakiaria badala ya majani ya tembo. Zinavumilia ukame.

Mama Neema: Na ukivuna, mabua usiyaache yamesimama, bungua anamalizia kiangazi humo. Yakate, uyalaze juani.

Mkulima_Bunda: Asanteni sana. Dawa kwa miche yenye vitundu sasa, desmodi msimu ujao.